Korosho Juu ya Bati

Moshi wa korosho zinazochomwa umeingia leo sebuleni kwangu hapa Newala, katika nyumba ya vigae niliyoijenga kwa stashahada na jasho langu, bila msaada wa mtu. Koo limenikereketa kama siku ile.

Nilikuwa sijaanza shule. Mama alikwenda shambani akaniachia mdogo wangu, aliyelala ndani. Nikawasha moto chini ya upenu, nikachoma korosho juu ya bati kama mama. Mafuta ya maganda yakashika moto, ukaruka hadi kwenye nyasi za paa. Nikarusha mchanga kwa mikono miwili mpaka ukazimika.

Jirani akaja mbio. "Mkubwa wa hapa nani?"

"Mimi."

"Wewe? Hata meno hujang'oa!"

"Nimezima mwenyewe. Kwa mchanga, siyo maji."

Mama aliporudi nilimkimbilia. "Shikamoo mama! Korosho ziliwaka, nimezima!"

Nikangoja anisifu. Akatazama nyasi zilizoungua, kisha mlango wa chumba alimolala mtoto. Akaketi chini na jembe lake bado begani.