Wifi Rosalie na Chumba cha Watu Wanne

Wifi yangu Rosalie, siku anaolewa na kaka yangu Kaz, alitangaza mbele ya ukoo mzima wa Nowicki kwamba atazaa watoto wawili, na wakizidi sana, watatu. Akapata sita. "Nilipoteza hesabu," hujitetea, "na kaka yako hakunikumbusha." Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusimamisha magari. Kazi yake nayo ni kuendesha basi la shule hapa Toledo, Ohio, na mtaani kwetu hakuna mtoto asiyemwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Kaka yangu ni fundi wa mapaa, na fundi wa mapaa hana likizo majira ya joto, maana ndipo mapaa yanapopandika. Lakini mwaka ule bega lilimtoka, daktari akamkataza ngazi hadi majani yaanze kupukutika. Rosalie hakusikitika hata kidogo.

"Mungu amekushusha mwenyewe," alimwambia. "Basi twende milimani."

Milimani ni Tennessee, ambako nusu ya Ohio huhamia kila Julai kula pipi na kukaa kwenye foleni. Mama yetu naye akasema anakwenda, anataka kuona dubu kabla hajafa. Mama tunamwita Mama, lakini wajukuu wanamwita Busia, kama wanavyoitwa mabibi wote wa Kipolishi wa hapa kwetu. Yeye akiamua kwenda, anakwenda. Wakawa tisa.

Tatizo likawa mahali pa kulala. Rosalie alikaa mbele ya kompyuta jioni baada ya jioni, anaingiza watu wazima watatu, watoto sita, na kila hoteli inamjibu lile lile: chukua vyumba vitatu. Vyumba vyenyewe havipakani. Kimoja huku, kingine ghorofa ya juu, cha tatu upande wa pili wa maegesho.

"Inataka Iggy alale chumba cha peke yake!" alimpigia Kaz kelele. Iggy ndiye kitinda mimba, alikuwa na miaka miwili. "Huyu ukimwacha peke yake ataita teksi arudi Toledo."

"Na bei?"

"Bei mara tatu. Kwa hela hiyo si afadhali tununue mlima wenyewe?"

"Basi tuwaache wawili nyumbani," Kaz akasema.

"Wepi?"

Kaz akafikiri. Kosa lake ni kwamba alifikiri muda mrefu, na watoto walikuwa mezani wanamtazama. Baadaye alisema ulikuwa utani, lakini Bernadette, binti yake mkubwa, hakumsemesha mpaka kesho yake.

Ndipo Rosalie akaja na ile akili yake. Alikodi chumba kimoja chenye vitanda viwili vikubwa, katika moteli ndogo ya ghorofa mbili kando ya kijito. Akaandika: watu wazima wawili, watoto wawili. Kisha akaenda dukani, akarudi na kapelo nne za njano na mbili nyekundu.

Inabidi uwajue watoto wa kaka yangu. Wametoka wote kwenye mashine moja ya kudurufu: nywele rangi ya nyasi kavu, masikio yaliyosimama kama milango ya teksi, mapengo mbele. Wavulana wanne, wasichana wawili. Ukiwavalisha kapelo, hata mimi shangazi yao nabahatisha.

Rosalie aliwapanga sebuleni kama askari. "Sikilizeni. Pale tuna mvulana mmoja na msichana mmoja. Hamuonekani wawili wa kapelo za rangi moja mahali pamoja. Mapokezi mnapita mmoja mmoja. Mvulana akiulizwa jina, aseme Felix."

"Lakini mimi ni Thaddeus," mkubwa akalalamika.

"Wiki hii wewe ni Felix."

"Na mimi?" akauliza Felix.

"Wewe endelea tu kama ulivyo."

Busia alikuwa kwenye kiti chake, anasikiliza huku anafuma soksi. "Mimi sisemi uongo," akasema. "Nina miaka sabini na tisa. Sina muda wa kutubu."

"Mama, nani amekuomba useme uongo? Nyamaza tu."

"Kunyamaza nako siwezi," akasema Busia, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Walifika Tennessee. Mwenye moteli alikuwa Bi Kokila Patel, mwanamke mwembamba, miwani juu ya kichwa, sweta mabegani hata kwenye joto. Yeye ndiye mapokezi, ndiye mhasibu, ndiye anayewafokea wasafishaji. Rosalie alijiandikisha kwa tabasamu pana, Kaz amesimama nyuma yake na bega lake bovu, Felix na Bernadette kila upande, familia ya kwenye kalenda. Wengine wakaingia kidogo kidogo. Busia alipita mlango mkubwa na rozari mkononi, akamsalimia kila mtu, na nani atamuuliza bibi kizee anakwenda wapi? Iggy alipandishwa kwenye kikapu cha nguo, amefunikwa taulo, anaimba.

"Redio," Rosalie alimwambia Bi Kokila.

"Redio nzuri," Bi Kokila akajibu.

Mchana waliogelea kwa zamu. Usingizi ulikuwa vita. Watoto walilala kichwa huku, miguu kule, kama samaki sokoni; Kaz alilala bafuni ndani ya beseni la kuogea, kwa ajili ya bega, alisema. Asubuhi wavulana watatu wakubwa walishuka mmoja mmoja kunywa chai, na Bi Kokila akamwona mtoto yule yule wa kapelo ya njano akila mayai mara tatu mfululizo.

"Mwanao ana hamu ya kula," alimwambia Rosalie.

"Ni hewa ya milimani."

Chumbani chini yao alikaa mzee mmoja wa Kentucky, Delbert Crume, mrefu, mkavu, aliyekuja kuvua samaki kijitoni. Huyu kila asubuhi alikuwa mapokezi na malalamiko yake. "Bi Kokila, hao wa juu yangu wanafuga mbuzi? Maana nasikia kwato."

Siku ya tatu Bi Kokila alipanda ngazi akabisha hodi. Wengine wote walikuwa bwawani na kijitoni, Busia amebaki na soksi yake.

"Habari za asubuhi, mama. Mko wangapi humu chumbani?"

Busia akaangalia huku, akaangalia kule, akainuka akachungulia hadi bafuni. "Mimi peke yangu."

"Namaanisha mnaolala."

"Mwanangu, kwa umri huu mimi silali. Najinyoosha tu."

"Na wenzako je?"

"Vijana wa siku hizi wanaaga?"

Bi Kokila alikuwa amelea watoto wake, amepambana na wakaguzi na walevi wa kila jimbo. Akaona huku hakupitiki. Akaketi kitandani, akalegeza sauti. "Mama, Mungu amekujalia wajukuu?"

Hapo Mama yangu akaisha. Mkoba ukafunguka, picha zikatoka. Huyu Thaddeus, anapiga akodioni, bado vibaya. Huyu Bernadette, ana akili, na mdomo pia. Hawa Felix na Conrad, pacha, mmoja alitangulia kuota meno. Louisa na gauni lake la komunyo. Na huyu mdogo Iggy, sauti yake sikiliza, kama kengele ya kanisa.

"Wazuri kweli," Bi Kokila akasema, picha zote zimetandazwa mapajani mwake. "Na wote hawa umewaacha Toledo?"

Busia akafungua mdomo. Akaufunga. Wanaomjua wanasema kimya kile hakijawahi kutokea, wala hakijatokea tena.

"Naomba maji," akasema.

Kabla maji hayajaletwa mlango ukafunguka. Ikaingia kapelo ya njano. Nyuma yake kapelo ya njano. Kisha nyekundu mbili, kisha njano nyingine, na mwisho Rosalie amekumbatia kikapu cha nguo kinachoimba.

Bi Kokila akashusha miwani. "Felix ni nani hapa?"

Thaddeus na Conrad wakanyoosha mikono kama umeme. Felix mwenyewe, mtoto mwaminifu, akawa wa mwisho.

"Bi Kokila," Rosalie akaanza, "naweza kueleza."

"Eleza."

Rosalie akatafuta maneno darini, kapetini, kwa mama mkwe wake. "Siwezi," akasema.

Nilimuuliza baadaye alijisikiaje. Alisema alikuwa amejiandaa kugombana kuhusu hela, na kwa hela angeshinda. Lakini Bi Kokila hakutaja hela.

"Moto ukiwaka usiku," alisema, "zimamoto wataniuliza humu mna wangapi. Nitawaambia wanne. Watatoa wanne, wataondoka."

Rosalie hafungi mlango wa basi lake kabla hajahesabu vichwa. Aliketi kwenye kitanda, kikapu mapajani, akaanza kuhesabu vichwa kwa kidole. Iggy akatoa kichwa kwenye taulo akamwambia Bi Kokila, "Nina njaa."

"Wewe hujala? Mwenzako amekula mayai mara tatu." Hapo Bi Kokila akacheka, akacheka hadi miwani ikaanguka. Kisha akamgeukia Rosalie. "Kwa nini hukunipigia simu?"

"Kompyuta ilisema chumba ni cha watu wanne."

"Kompyuta imewahi kulala hapa? Nina chumba chini, vyumba viwili vilivyobomolewa ukuta katikati. Vitanda vinne, mabafu mawili, na jiko. Mwenye moteli wa zamani alikuwa na watoto saba. Kule mtandaoni hakuna mahali pa kukiandika, basi sijakiandika. Bei yake ni ya chumba kimoja na nusu."

Rosalie akainuka, kikapu mkononi. "Kiko wapi?"

"Hapo unapokanyaga. Chini yako."

"Si ndiko aliko yule mzee? Ana familia?"

"Ana fimbo za kuvulia. Nilimpa kwa sababu vingine vilijaa."

Rosalie hakusubiri kuruhusiwa. Alishuka akabisha. Delbert Crume alifungua akiwa na soksi mguu mmoja.

"Wewe ndiye mwenye mbuzi?"

"Ndiye mimi. Mzee Delbert, nikuulize, vitanda vinne unavilalaje?"

"Nalala kimoja. Cha pili naweka nguo. Cha tatu nyavu. Cha nne," akafikiri, "cha nne nakiangalia."

"Tubadilishane. Mbuzi washuke huku, wewe upande juu. Juu yako kutabaki paa na malaika."

Mzee akakuna ndevu zake ndefu. Alionja utamu wa shauri lile, lakini hakutaka lionekane. "Na jiko? Samaki wangu napika mwenyewe."

"Lete samaki. Mama mkwe wangu atakupikia kwa siagi na bizari ya kizungu, utaomba usirudi Kentucky."

"Nani atapika?" ikasikika sauti ya Busia kutoka ngazini.

"Wewe, Mama!"

"Naye anafanya nini na midevu hiyo? Mwambie kwanza anyoe."

Alinyoa. Walihama kabla ya chakula cha mchana, watoto wakashusha maboya yao ya kuogelea, na nyavu zikapanda juu kwa heshima zote. Tangu jioni ile mzee Delbert alikula mezani kwao kila siku, akilalamikia kelele kama kawaida, ila sasa alilalamika akiwa katikati yake, Iggy kwenye goti. Bernadette anaapa kwamba Busia alianza kupaka rangi ya midomo. Mama anakanusha. Anasema zilikuwa beri za msituni. Ninachojua ni kwamba dubu alikuja kweli usiku wa mwisho, akapindua pipa la taka chini ya dirisha, moteli nzima ikaamka, na Mama yangu, ambaye halali, anajinyoosha tu, alikoroma hadi dubu akaondoka.

Waliporudi Toledo, Mama alikwenda kuungama. Alikaa humo muda mrefu kiasi kwamba foleni ikaanza kunung'unika. Alipotoka nikamuuliza padri kamwambia nini.

"Ameomba namba ya simu ya moteli," akasema. "Dada yake ana watoto saba."

Na hapo ndipo kazi ya pili ya Rosalie ilipoanza, ingawa hakuna anayemlipa. Akina mama wanamngoja kwenye vituo vya basi, wanainama dirishani: sisi wanane tunakwenda ziwani, sisi kumi na mmoja tuna harusi Buffalo. Yeye anachukua simu jikoni, anavuta kiti. Hazungumzi na kijana wa mapokezi, anaomba mwenye nyumba au mfanyakazi wa zamani kuliko wote. Haanzi na bei. Anauliza mlango wa kati unaounganisha vyumba, anauliza chumba kinachoona jiko la moteli ambacho wageni hukikataa, anauliza nyumba ya meneja aliyeacha kazi. Idadi anaitaja yote, hadi mtoto wa kubebwa. Uongo ameacha, ila huongeza uchovu kidogo kwenye sauti, na pale mazungumzo yanapokwama humfinya mtoto yeyote aliye karibu ili alie.

"Unasikia?" humwambia mtu wa upande wa pili. "Na huyu ndiye mpole."

Mwaka huu nami nilitaka kwenda Michigan, ziwani, na mume wangu na binti yetu mmoja. Nikamwendea na sanduku la donati za jamu, nikajieleza.

Rosalie akaweka chini donati aliyokuwa ameishika. "Watatu?"

"Watatu."

"Wifi, watu watatu nao ni shida ya kumletea mtu?" Akairudia donati, akaiuma. "Nenda kwenye kompyuta."