Boriti Iliyofichwa na Lenzi

Mtaani walimwita Tulia, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Kazi ndiyo iliyompa. Kila alipoinua kamera, awe mbele yake bwana harusi au mtoto anayeota meno, neno lake lilikuwa moja: "Tulia!" Hata mumewe, dereva wa lori, alishasahau kumwita vingine.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Mbele kulikuwa na stuli na pazia la bluu. Nyuma ya pazia, meza na kompyuta. Wateja waliamini kazi ni pale mbele. Yeye alijua kazi yenyewe iko nyuma, kwa sababu alipiga picha mbichi, zile ambazo kamera huzihifadhi kama ilivyoziona, bila poda wala wanja, halafu akakaa nazo kwenye kompyuta mpaka ziive.

Baba mkwe wake alikuwa mwashi mstaafu. Alimpenda sana mke wa mwanawe, ila kazi yake hakuihesabu kuwa kazi. "Mimi nimebeba matofali ujana wangu wote," alikuwa akisema mbele za watu, "mkwe wangu anabeba kidole. Kubonyeza tu!" Watu wakacheka, na Tulia naye akacheka, maana mkwe hajibizani na mkwe.

Siku moja wifi yake mkubwa alikuja kutoka mbali, na familia nzima ikakusanyika nyumbani kwa wazee, katika nyumba ambayo mzee aliijenga kwa mikono yake alipooa. Wakati wa picha mvua ikashuka kama imetumwa, na umeme nao ukaondoka. Ikabidi wote wajipange sebuleni, kwenye mwanga hafifu wa dirishani. Tulia akafunga lenzi pana ili hata wa pembeni waingie, akailazimisha kamera ione gizani, akawaambia watulie.

Kesho yake, nyuma ya pazia, akaifungua ile picha. Ilikuwa imejaa chenga kama televisheni yenye antena mbovu, na milango ya pembeni ilikuwa na vitambi, kama kawaida ya lenzi pana. Hakushtuka. Programu ya kurekebisha kasoro za lenzi aliizoea. Inaijua kila lenzi na upindo wake, nayo inasukuma picha kurudi mahali pake. Akaiamuru. Milango ikanyooka, ukuta ukanyooka, lakini boriti ya dari, iliyokuwa imenyooka vizuri kabisa, ikabonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

"We programu, umezidisha dawa," akanung'unika.

Akaondoa marekebisho, boriti ikanyooka na milango ikaota vitambi. Akayarudisha, milango ikanyooka na boriti ikabonyea. Akachukua kamera na lenzi ileile, akatoka nje, akaipiga fremu ya mlango wa kinyozi ("Leo mlango wangu nao ni bibi harusi?" kinyozi akauliza), akairekebisha kwa programu ileile. Ikanyooka kama rula.

Hapo ndipo alipoelewa. Programu haikuwa na kosa. Lenzi ilikuwa imeikunja boriti kwenda juu, na boriti yenyewe ilikuwa imebonyea kwenda chini. Upindo mmoja ukaficha mwingine.

Akakumbuka kwamba chenga alizifuta kwa nguvu, mpaka ukuta ukawa laini kama uso uliopakwa mafuta. Akapunguza nguvu. Chenga kidogo zikarudi, na pamoja nazo ukarudi mstari mwembamba chini ya mwisho wa boriti, ukiteremka kuelekea kiti cha mzee. Programu ilikuwa imeudhania uchafu, ikaufuta.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Lakini kumwambia mwashi kwamba nyumba yake ina ufa, hiyo ni shughuli nyingine.

"Usiniingize mimi," mumewe alisema. "Yule mzee utamwambiaje?"

"Ikianguka itamwangukia mama yako."

Mume akakuna kichwa. "Basi nenda wewe. Wewe anakupenda."

"Ananipenda nikiwa nimenyamaza."

Akaenda hivyohivyo, picha kubwa mkononi. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo, mzee amekaa kwenye kiti chake. Baada ya salamu na habari za watoto, Tulia akajikaza.

"Baba, naomba uniangalizie kitu. Nadhani boriti imeshuka."

Mzee akaishika picha, akaitazama, uso ukabadilika. "Boriti niliipandisha mimi. Kilichopinda ni hicho kioo chako."

"Hata mimi nilidhani hivyo, Baba. Nimekipima kwa mlango mwingine. Tazama hapa, na huu mstari hapa chini."

Mzee akaisogeza picha mbali, akaileta karibu na pua, akaigeuzia dirishani. "Hii hapa? Hii imenyooka!" Kidole chake kilikuwa kwenye fimbo ya pazia.

Mama mkwe akaliacha shati mapajani, likiwa nusu limekunjwa. Tulia akachuchumaa kando ya kiti, akashusha sauti.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu lini nini?"

Tulia akakisogeza kidole cha mzee kutoka kwenye fimbo ya pazia mpaka kwenye boriti. Mzee akaiweka picha magotini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kuta zilianza kuwa na ukungu," akasema mwishowe. "Nikadhani ni vumbi la saruji. Nikawa nafumba jicho moja, nafumba la pili. Mkaambiwa nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mgongo wangu ni mzima kama wa punda."

"Na mimi hukuniambia!" mama mkwe alisema, sauti ikimkatika.

"Ningekwambia nini? Mwashi asiyeiona kamba ya timazi ni mwashi wa nini?"

Tulia akashika mkono wake mgumu. "Inuka, Baba. Nikupeleke ulipo ufa."

Wakasogeza kiti. Mzee akaweka kiganja ukutani, akakipandisha polepole, vidole vimetanuka, mpaka vikasimama. Akaufuata ufa kwenda juu, akaingiza ukucha, akagonga kwa kifundo cha kidole, akategea sikio. Alipogeuka hakuwa tena mgonjwa wa kuongozwa.

"Huu si wa lipu tu. Ukuta unasukumwa. Mama watoto, toka. Wote nje, na asiingie mtu humu mpaka tuweke nguzo."

Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni fundi mwenye mafundi wake, alikuja siku hiyohiyo na nguzo za kuegemeza. Walipoibomoa ncha ya boriti pale ilipozama ukutani, ubao ulimwagika kama unga. Mchwa walikuwa wameula kwa ndani, kwa nje rangi inang'aa.

"Kazi yako ni nzima, mzee," fundi alimwambia. "Ni hawa wadudu."

Mzee akaomba kipande, akakisaga kiganjani kwa muda mrefu. Tulia alimwona akishusha pumzi.

Ila hospitali alikuwa hataki kuisikia. Alisema macho ni ya uzee, na uzee hautibiwi. Mama mkwe akagoma kupika mpaka akakubali. Daktari akammulika, akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa; wakaanza na la kulia.

Bandeji ilipofunguliwa, Tulia na mama mkwe walikuwa wamesimama kando ya kitanda. Mzee akapepesa, akamtazama mkewe, akamtazama tena.

"Kumbe umezeeka hivi!"

"Mrudishieni bandeji yake," mama mkwe akamwambia muuguzi, huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Safari nzima ya kurudi mzee aliwasomea mabango ya barabarani, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemwambia anyamaze.