Nilisema Ni Mimi Niliyekuwa Naendesha, Sasa Analeta Mbuzi kwa Dada Yangu

Admin, tafadhali ficha jina langu. Hata haya majina nimeyabadilisha kwa sababu watu wa Kitengela tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, sijaoa, kazi yangu ni bodaboda. Baba alifariki kitambo, kwa hivyo nyumbani ni Mama, mimi na dada yangu mdogo, tumuite Mwende, ana miaka 24. Nimekaa na hii kitu kwa kifua miezi saba na nikizidi kunyamaza nitapasuka.

Niko na rafiki wa steji, pale tunapongojea wateja, tumuite Kyalo. Tumekula sahani moja na huyo mtu tangu enzi za pikipiki za kuazima. Steji yetu iko na Wakamba, Wakikuyu na Wamaasai na wote naelewana nao, lakini Kyalo nilimchukua kama ndugu wa tumbo moja.

Jumapili moja tukapanga, wanaume watano, tutoke tu kutembea, hakuna kubeba mteja. Mwende akaomba kuja, nikambeba. Tukapitia Isinya, tukatokea Kiserian, tukapanda Ngong na kuzunguka nyuma ya vilima hadi Kimuka, tukanywa chai. Kutoka hapo barabara inateremka ikijikunja, na ukitazama chini macho yanafika mbali sana. Pikipiki yangu ilikuwa mpya na tangu asubuhi Kyalo alikuwa anaimezea mate. "Bro, nipe niionje hadi chini tu. Mwende akae hapo hapo nyuma, nitaenda polepole." Nikampa. Mimi nikachukua yake.

Polepole gani! Kona ya tatu nilikuwa nimeshampoteza. Ya nne ilikuwa na kokoto, na nilipofika nilipata pikipiki imelala, Mwende yuko kwa mtaro, namuita haitiki, mguu umegeuka upande ambao mguu wa binadamu haugeuki. Kyalo alikuwa amechubuka kiwiko tu. Na unajua aliniambia nini, hata kabla hatujamuinua msichana wa watu? "Bana, leseni yangu iliisha. Nitafungwa. Pikipiki ni yako na karatasi zako ziko sawa, sema ni wewe. Ni ya polisi tu, nyumbani nitaeleza ukweli mwenyewe." Wale wengine watatu, waliofika nyuma yangu, wakatingisha kichwa kukubali. Kwa steji yetu mwenzako akianguka humuachii askari, tumeokoana hivyo mara nyingi. Nikasema sawa. Askari alipokuja hospitali nikaandikisha kwa mkono wangu kwamba aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Mwende aliamka siku ya pili. Anakumbuka chai ya Kimuka, baada ya hapo hakuna kitu. Mimi nilikuwa nangoja Kyalo aongee na Mama vile tulikubaliana. Na aliongea, wueh! Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji nikimsikia: "Mama, nilimwambia apunguze mwendo, akakataa. Huyu kijana wako ni kichwa ngumu." Mama akalia, akamshika mikono akimuita mwanangu.

Nikamvuta nje. "Kyalo, hiyo ni nini umesema?" Akaangalia chini. "Aliniuliza ghafla, ningefanya aje? Na wewe ushaandika kwa polisi. Ukigeuka sasa watakushtaki kwa kudanganya." Nikawaendea wale watatu. Mmoja akajifanya anasoma simu. Mwingine akaniambia, "Si ulikubali mwenyewe? Kuna mtu alikushikia bunduki?" Watu ambao nimekesha kwa matanga yao! Nimebeba wake zao usiku kwenda kujifungua! Haki nililia siku hiyo, na mimi si mtu wa kulia.

Tangu hapo Mama ananisalimia kama jirani. Mwende anatembea na gongo, na cherehani yake ya kukanyaga, iliyokuwa ikimpa riziki, imefunikwa kitambaa. Kyalo ndiye humpeleka kliniki, ndiye humletea matunda, ndiye humfanyisha mazoezi ya mguu pale uani wakicheka. Nilidhani ni dhamiri inamsumbua. Kumbe anatongoza!

Jumamosi hii analeta mbuzi za ntheo. Kwa sisi Wakamba, mbuzi hizo zikipokelewa na kuchinjwa, basi msichana ni bibi ya mtu. Na kwa kuwa Baba hayuko, baba mdogo ameamua mimi ndiye nitazipokea, ati iwe pia njia ya kupatana na familia. Kyalo mwenyewe alinipigia. "Shemeji, yaliyopita si ndwele." Shemeji! Nilikata simu.

Nikisema ukweli, nitajieleza kwa polisi, na nyumbani wataniita mwenye wivu, maana hao mashahidi watatu hawatafungua mdomo. Nikinyamaza, nitakuwa nimempeana dada yangu kwa mtu aliyemvunja mguu na akaweza kumtazama machoni miezi saba akimdanganya. Anampenda kweli au anajificha nyuma ya ndoa? Sijui. Nimeuliza roho yangu hadi imechoka.

Jana jioni Mwende alikuja na gongo lake hadi kwa chumba changu, akakaa kitandani, akanishika bega. Sijawahi kumuona na furaha hivyo. Akaniambia, "Kaka, usiogope Jumamosi. Mimi nilikusamehe kitambo. Huu mguu wangu uliouvunja ndio uliniletea Kyalo."

Nyinyi mlio na dada, mngemwambia, ama mngeshika kamba ya mbuzi mnyamaze? Msinitukane, hiyo najifanyia mwenyewe kila siku. Niambieni tu la kufanya, zimebaki siku nne.