Manyoya ya Bawa la Kushoto

Jumanne, tarehe 11 Aprili 1944, mume wangu alifariki kwa homa nyumbani kwetu Gwata. Alikuwa fundi wa vinyoya, vile vinavyopigwa kwa raketi katika badminton, kwenye klabu ya shamba la mkonge upande wa Kwala.

Mashindano ya klabu ile yalikuwa na sifa. Wachezaji walitoka Dar es Salaam na Morogoro kugombea kombe, na kabla ya kila fainali karani alisoma historia yake katika kitabu chenye jalada jekundu: nani alilileta kombe, nani alilitwaa, jinsi walivyocheza kwanza nje, upepo ukawashinda, wakahamia ghala la mkonge. Vita ilipoanza waliongeza sentensi moja ya kujisifu, kwamba mashindano hayajakatika hata mwaka mmoja.

Hayakukatika kwa sababu ya mume wangu. Meli zilipoacha kuleta vinyoya, alivitengeneza yeye, kwa manyoya ya bata wa wazazi wangu wa Kurui na vizibo vya chupa za mvinyo za klabuni, ambavyo mama mkwe aliviosha mara saba kabla ya kuviruhusu ndani. Sitasema alijua tangu mwanzo. Vya kwanza viliyumba hewani kama mlevi, wachezaji wakamcheka. Mimi niliyezoea kunyonyoa bata ndiye niliyemwonyesha kwamba manyoya ya bawa la kulia hupinda huku na ya kushoto hupinda kule, hayapatani. Tangu hapo akatumia ya kushoto tu.

Kila fainali alisimama mlangoni mwa ghala akisikiliza. Akirudi, namwuliza, "Wamekutaja?"

"Bado hawajafika kwangu."

Nilikuwa wiki ya tatu ya eda karani alipokuja. Mimi nyuma ya pazia la mlango, mama mkwe barazani.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba. Bwana mkubwa anaomba boksi la vinyoya aliloliacha marehemu. Fainali ni Jumamosi."

"Marahaba." Mama mkwe akaligeukia pazia. "Umesikia, mwanangu?"

"Mwambie kwanza jina la mwanao liingie kitabuni."

Akamwambia, akaongeza la kwake, kwamba hata punda wa shamba lile wana majina.

"Mama, historia imekwisha kuandikwa. Kile ni kitabu cha wachezaji."

Sikungoja maneno yangu yapelekwe. "Basi wakaipige hiyo historia kwa raketi."

Karani alicheka, akaona hatucheki. "Watu wanatoka mbali, mama."

"Mwanangu amekwenda mbali zaidi," mama mkwe akamjibu.

Akaondoka mikono mitupu. Niliogopa. Shemeji yangu alikuwa kibarua palepale shambani, na ukali wangu ungeweza kumfukuzisha kazi. Lakini boksi sikulitoa.

Ijumaa, baada ya sala, karani alirudi na kitabu chekundu kwapani, akakipitisha chini ya pazia. Nilisoma shule miaka minne tu, kwa hiyo nilisoma polepole. Ilikuwapo sentensi mpya: vinyoya vya miaka ya vita vilitengenezwa na fulani wa Gwata, jina lake kamili na la baba yake.

"Hii ni penseli," nikasema.

"Dada, jina si jina?"

"Majina ya walioshinda umeyaandika kwa kitu gani?"

"Kwa wino."

"Basi na hili."

Nikamrudishia. Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika juu ya penseli, mama mkwe akimsimamia begani ingawa yeye alijua kusoma Kurani tu. Kama jina lile lilitajwa kesho yake siwezi kusema, maana nilikuwa ndani na sikutaka kuuliza.

Kitabu kikapita tena chini ya pazia. Nikaupuliza wino mpaka ukakauka. Kisha nikakisukuma nje, na boksi juu yake.