Sori ya Daktari

Mume wa Nabintu aliingia hospitalini kwa miguu yake. Jambo hilo Nabintu alilirudia mara nyingi baadaye, kwa mchungaji, kwa majirani, kwa yeyote aliyeketi naye mkekani: "Alitembea mwenyewe. Hata mufuko wangu ni yeye alibeba."

Mushagalusa alikuwa fundi viatu hapa kwetu Makindye, mtu mrefu, mpole, na ngiri ilikuwa imemsumbua tangu walipokuwa Bukavu. Mwaka huu ilimzidi, akawa anashona ameinama upande. Daktari akasema ni upasuaji mdogo. Ataingia asubuhi, kesho yake atarudi nyumbani. Wala Mushagalusa wala mkewe hawakujua Kiingereza, kwa hiyo aliyefuatana nao kutafsiri alikuwa Benedicte.

Benedicte na mimi tunatumia ukuta mmoja. Nikikohoa usiku, asubuhi ananipa pole. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu wa Kifaransa, anavaa viatu vya kisigino na kusahihisha watu hata sokoni. Kiingereza alikiokota hapa Kampala, kwa masikio, na neno la kwanza kulishika lilikuwa "sori". Alilishika kwa hasira. Alikuwa mgeni bado, amebeba beseni la vitenge huko Kisenyi, mvua imetoka kunyesha, akateleza kwenye ngazi za duka la jumla na kuanguka na beseni lake. Kila upande watu wakaanza, wakimwita mama kwa Kiganda: "Sori! Soli, nnyabo! Soli!" Yeye akainuka na matope magotini, akawakodolea macho. Kwao alikuwa amesikia tu kwamba sori ni neno la mkosaji. Sasa umati wote huu umemkosea nini? Nani kati yao amemsukuma? Mwenye duka, mzee wa Kisomali, akamwokotea kitenge kimoja na kumwambia, "Mama, hiyo ni pole tu. Hapa wanakupa pole."

Tangu siku hiyo akawa analisikia kila mahali. Ukipiga chafya, sori. Mtu akikukanyaga, sori. Nawe ukimkanyaga yeye, anakuwahi kwa sori kabla hujafungua mdomo. Mlinzi wa ofisi akikwambia sori, njoo Jumatatu, ujue hata Jumatatu hutaingia. Asiyekusikia vizuri anainua shingo na kuuliza, "Sori?" maana yake sema tena. Benedicte alilipenda neno hilo. Aliniambia ni kama kitenge, unafunga kiunoni, unabebea mtoto, unajifunika baridi ikija. Alilitumia kwa ukarimu, mpaka wauza ndizi wa barabarani wakawa wanamwita Maama Soli.

Baadaye ofisi moja ndogo ya kusaidia wakimbizi, iliyoko chini ya kilima cha Lubaga, ikampa kazi ya kuwatafsiria Wakongo wanaokwenda hospitali. Ni kazi aliyoifanya vizuri. Alitafsiri vichomi, mimba, shinikizo la damu, na aibu ambazo watu hawawezi kuzisema hata kwa ndugu zao.

Siku ya Mushagalusa, wanawake hao wawili walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Nabintu alikuwa amepakata viatu vya mumewe. Juu ya paa la wodi ya pili kalooli walikuwa wametua, wale ndege wakubwa wa majalalani, na Nabintu akasema hawapendi, wanamtazama kama wanaomdai. Muuguzi mmoja, Amony, alitoka mbio, akarudi mbio. Akatoka tena. Mara zote mbili hakuwatazama.

Kisha akatoka daktari. Jina lake Saverio, kijana, hata ndevu hazijakomaa, kofia ya kijani ameikunja mkononi. Macho yake yaliangukia viatu vile mapajani mwa Nabintu, yakakaa hapo. Alisema kwa Kiingereza kwamba moyo wa mgonjwa ulisimama wakati wa upasuaji. Kwamba walijaribu kuurudisha. Kwamba walijaribu sana. Halafu akasema sori. Akamtazama Nabintu usoni, akasema tena, taratibu zaidi: sori.

Benedicte alimshika Nabintu mkono. "Nabintu, mudogo wangu. Moyo ya baba ilisimama. Balijaribu kuirudisha. Haikurudi."

Nabintu hakupiga ukelele. Alikuwa anautazama mdomo wa daktari. "Na ile ya mwisho? Alisema kitu ya mwisho. Alisema nini?"

Benedicte alifungua mdomo ajibu. Aliniambia kwamba ilikuwa kama kufika njia panda gizani. Neno lilikuwa moja, naye alitakiwa achague: pole, au samahani. Katika Kiswahili anayekupa pole anakuja kukaa upande wako, msibani. Anayekuomba samahani anasimama upande wa pili, na kati yenu kuna jambo alilolifanya. Na daktari alikuwa amesimama wapi? Macho yake yalikuwa mekundu.  Lakini macho huwa mekundu hata kwa uchovu tu.

Akamgeukia na kumuuliza kwa Kiingereza, "Daktari, sori ya namna gani?"

"Sori?" akasema yule kijana. Hakuwa amesikia.

"Nauliza, ni sori ya kumfariji, au kuna kitu kilichoharibika mle ndani?"

Daktari alivuta pumzi. Midomo yake ilianza kuunda neno, na Benedicte anaapa mpaka leo kwamba lilikuwa njiani. Lakini mama mmoja wa utawala, aliyevaa suti, alikuwa amekwisha fika nyuma yake. Alimshika kiwiko kwa upole, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto, akamwambia anahitajika ndani. Wakaondoka pamoja.

"Yaya," Nabintu akasema, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. "Alisema nini?"

"Anasema pole," Benedicte akajibu.

Hapo ndipo Nabintu alipolia.

Matanga yalikuwa hapa uani petu. Wakongo walikuja na nyimbo zao, na neno lao lilikuwa pole. Majirani Waganda walipiga magoti mlangoni wakasema "kitalo", ambalo ni neno lao la kifo peke yake, hulisemi mtu akijikwaa. Wake wa askari kutoka kambi ya jeshi iliyo jirani, watu wa kaskazini wengi wao, walileta kuni na kusema, "Sori, mama, sori." Nabintu aliwaitikia wote. Lakini niliona kwamba kila aliposikia sori alikuwa anainua uso na kumkagua aliyeisema, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

Matanga yalipokwisha alikuja kwa Benedicte, akamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakukaa.

"Yaya, nikuulize. Ile sori ya munganga, ilikuwa pole, ao alikuwa anaomba musamaha?"

Benedicte aliacha mchi. "Kwa nini unauliza?"

"Juu ya kama ni pole, ni Mungu alichukua mutu wake, nami nitanyamaza. Na kama ni musamaha, basi kuna kitu ya kusamehe. Nitasamehe, yaya. Sina kasirani. Lakini siwezi kusamehe kitu sijui."

"Sijui, Nabintu."

"Weye ndiye mutafsiri."

"Ndiyo. Lakini sijui."

Nabintu alimtazama, si kwa chuki. Benedicte anasema ingekuwa chuki angeweza kuivumilia.

Walikwenda hospitali. Langoni mlinzi, Ojera, mzee wa Kiacholi aliyewahi kuwa jeshini, aliwasikiliza kwa heshima, amekamata fimbo yake kwa mikono miwili.

"Daktari Saverio? Huyo hapana hapa tena."

"Alienda wapi, baba?"

"Mimi nalinda geti tu, mama. Watu nakuja, watu naenda."

Ndani walikutana na yule mama wa suti. Aliwapa viti, akaagiza maji ya kunywa, akasema jambo lao liko mikononi mwa wakubwa na linachunguzwa, na kwamba kwa sasa hakuna anayeruhusiwa kulizungumzia. Alimaliza kwa sori, ameinamisha kichwa kidogo. Benedicte akatafsiri yote.

"Na hii sori yake nayo ni gani?" Nabintu akauliza.

"Hii ni ya kututoa nje."

Mama wa suti alitabasamu, kwa sababu hakuelewa Kiswahili.

Walipokuwa wanatoka, muuguzi Amony aliwafuata hadi kwenye kibanda cha muuza vocha, akijifanya ananunua. Aliwapa namba ya simu ya daktari. "Mimi sikuona kitu," akasema haraka, akitazama nyuma. "Mimi natumwa damu, natumwa dawa, mimi nakimbia tu. Lakini yeye siku ile nalia kwa stoo. Muulize yeye."

Walimpigia kutoka chumbani kwa Benedicte, mchana, mlango umefungwa, simu imewekwa kitandani sauti ikiwa juu. Nami nilikuwepo, Benedicte aliniita kwa sababu aliogopa kuwa peke yake na maneno hayo tena. Simu ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya daktari kulikuwa na redio na mtu anaosha vyombo, nyumba ya watu kama nyumba nyingine. Benedicte akajitambulisha. Redio ikazimwa.

"Mjane yuko hapa," akasema kwa Kiingereza. "Ana swali moja tu."

"Nimekatazwa kulizungumzia jambo hilo," daktari akajibu. "Tafadhali. Mwambie tu kwamba sori. Mwambie hivyo."

"Daktari, hilo neno ndilo swali lenyewe. Kwetu ni maneno mawili. Nimwambie lipi?"

Nabintu aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa simu, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayesema na mtoto aliyejificha: "Munganga. Miye sina kasirani na weye. Sikupeleke ku polisi. Sema tu."

Benedicte akayageuza kuwa Kiingereza. Tukamsikia yule kijana akihema. Kisha tukasikia sauti nyingine, ya chini, iliyokatika katika vipande, na ilituchukua muda kutambua kwamba analia. Alilia tu, nasi watatu tukiitazama simu pale juu ya shuka. Halafu ikakatika. Benedicte alipopiga tena, haikupatikana. Haikupatikana kesho yake, wala wiki iliyofuata.

"Alilia," Nabintu akasema.

"Ndiyo."

"Mutu anaweza kulia juu ya pole. Na mutu anaweza kulia juu ya makosa yake."

"Ndiyo, mudogo wangu."

"Basi hatujue kitu."

Nilitaka kusema neno la kufariji, lakini kila nililolipata lilikuwa lile lile, pole.

Ofisi ya Lubaga iliwapeleka kwa wakili wa kujitolea. Alikuwa mwema. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawaeleza kwamba kilio si ushahidi, na sori nayo si ushahidi, kwamba hapa watu wanaisema kwa yeyote aliyejikwaa. Angeweza kuandika kuomba matokeo ya uchunguzi, na aliandika. Mpaka leo hakuna jibu. Benedicte alitaka waisukume hospitali zaidi, Nabintu akakataa. Alisema yeye ni mgeni katika nchi ya watu, na watoto wake wanatibiwa hospitali hiyo hiyo wakiugua.

Nabintu amerudi kuuza vitenge, biashara yake ya siku zote, anapanda na kushuka vilima hivi na mzigo kichwani. Watoto wanakwenda shule. Kwa macho tu unaweza kusema amepoa. Lakini Jumapili kanisani mimi huketi nyuma yake, na tunapofika kwenye sala ya Bwana, tukiomba tusamehewe kama sisi nasi tunavyowasamehe waliotukosea, sauti yake inakatika. Anafunga mdomo. Benedicte, aliyesimama kando yake, anaendelea maneno mawili matatu, halafu naye anainama. Sala inawapita.

Benedicte aliiomba ofisi isimtume tena hospitali. Afadhali shuleni, akasema, au ofisi za serikali, hata polisi. Walimwelewa vizuri. Walimpa chai, wakamwambia apumzike siku chache. Kisha wakampigia, kwa sababu kuna mzee kutoka Walungu anayejua Kimashi peke yake, lugha ya kwao huko Kongo, hata Kiswahili kwa shida, na hakuna mtu mwingine.

Nilimwona asubuhi ile akifunga mlango wake. Nilimuuliza kama yuko tayari. Akasema hapana, akaenda.

Jioni alirudi na kunieleza. Mzee anatakiwa kupasuliwa wiki ijayo, ni uvimbe tu shingoni, daktari amesema ni kitu kidogo. Mzee alimshika Benedicte mkono wa gauni, akamuuliza kwa Kimashi kama atakuwepo kwenye benchi siku hiyo, ili akitoka apate mtu wa kumwambia walichokisema.

"Nawe ukamjibu nini?"

Alikuwa anavua viatu, ameketi kizingitini, ameegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango.

"Nilimwambia nitakuwepo," akasema. "Ningemwambia nini?"