Moto wa Ndege ya Idarusi

Idarusi, fundi cherehani wa Ngamiani, hakujua kutulia. Mwaka 1959, yeye na rafiki yake Noa, fundi redio, waliunda ndege ndogo ya mbao na hariri, inayoongozwa na kisanduku cha redio. Kisanduku kilikuwa na kijiti cha kuongeza moto wa injini. Ukikigusa tu, injini inanguruma kama mtu aliyetukanwa.

"Sitaki! Moto upande polepole, kama ninavyokanyaga cherehani yangu!" Idarusi akalalamika.

Akawa anakaza skrubu ya kijiti, anailegeza, anaikaza tena. Chai ikapoa, nguo za wateja zikalala.

"Basi bwana, iko sawa," Noa akasema.

"Bado!"

Hatimaye wakairusha ndege uwanjani Makorora. Ikapanda vizuri, kisha ikaanza kushuka.

"Ongeza moto!" Noa akapiga kelele.

"Naongeza!"

Ndege ikajibwaga kwenye michongoma. Idarusi akamgeukia Noa, macho yamemwiva. "Redio yako mbovu! Nimeongeza mpaka mwisho!"

Noa alikitazama kidole cha Idarusi, kimetulia tuli juu ya kijiti, kisha akaitazama miguu ya fundi cherehani huyo, ambayo bado ilikuwa inakanyaga mchanga kwa kasi.