Bati la Mjomba

Hadi leo nikipita nyuma ya duka la mikate pale Masasi na kusikia feni ya oveni ikivuma, mkono wangu hutafuta bati la kushika. Utanicheka, lakini ngoja nikusimulie.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu tulivyozoea kuvisikia tu vilianza kupanda mlima hadi kwetu Newala: sabuni za kunukia, redio za kaseti, na nyumbani kwetu, oveni ya umeme. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, ndefu kama kabati, ikaja juu ya lori. Aliinunua kwa ajili ya mama, ambaye alikuwa akioka skonzi kwa mkaa, moto chini na moto juu, mpaka kope zikamuungua. Siku ilipofika, mama aliufuta mlango wake kwa pindo la khanga, ingawa ulikuwa safi.

Ndani, ukutani kwa nyuma, kulikuwa na feni, na waya mnene umeizunguka kama pete. Sasa mjomba alikuwa fundi bati. Maisha yake yote alitengeneza majiko ya mkaa, na adui yake alikuwa upepo wa Newala, ule unaopanda kutoka bondeni Ruvuma na kuwazimia watu moto. Alipoiona feni ndani ya jiko alicheka mpaka akakaa chini.

"Upepo na moto wapi na wapi?" akasema. Akakata bati jipya, akaiziba ile feni barabara. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Kwetu neno la mjomba ndilo la mwisho. Mama akajibu, "Sawa, kaka."

Skonzi za kwanza zilikuwa vituko. Za nyuma makaa, za mbele unga mbichi. Mama alilia, na kilichomliza zaidi ni ndoo ya maji aliyokandia, maana Newala maji huyapati kirahisi. Mara ya pili ikawa vilevile. Mjomba akanuna, akamwita mama kwa jina langu.

"Mama Somoe, Jumamosi tunamtoa mwali unyagoni na watu wanasubiri skonzi zako. Zikiharibika tena, jiko nalirudisha kwa aliyeniuzia."

Mama alizishika kope zake. Kurudi kwenye mkaa, hilo ndilo aliloliogopa.

Kesho yake tulikuwa tunaanua makopa, ile mihogo ya kukausha. Yaliyokaa uani, nyuma ya ukuta, yalikuwa yameota ukungu. Ya juu ya paa yalikuwa makavu, ukiyagonganisha yanalia. Mama alishika kipande cha huku na kipande cha kule, akavitazama weee.

"Jua lilikuwa lilelile," akasema.

Jumamosi alfajiri alilitoa bati, akanipa nilishike. Feni ikavuma. Alinieleza huku akipanga trei na kuacha nafasi kati yake: waya ndio jua, feni ndiyo upepo. Feni inavuta hewa iliyomo ndani, inaipitisha kwenye waya ipate moto, inaisukuma pembeni izunguke kila trei, kisha inaivuta tena. Unga mbichi umejivika ubaridi wake, akasema, na upepo wa moto unauvua. Ndiyo maana oveni haihitaji moto wa juu na wa chini. Joto lilipotosha, kidude cha kulipimia kililia ta, waya ukapumzika. Lilipopungua, ta, ukawaka tena. Skonzi zikatoka za rangi moja, za mbele na za nyuma.

Kisha mama akalichukua bati mikononi mwangu, akalirudisha mahali pake.

Mjomba alifika saa mbili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alimega skonzi, akachungulia ndani ya oveni, akalitazama bati lake kwa muda.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia, kaka."

Nilikuwa na miaka tisa na nilikasirika sana. Nikafungua mdomo niseme kweli. Mama akanikanyaga kidole cha mguu.

Tukaishi hivyo. Alfajiri bati linatoka, kabla ya saa mbili linarudi, na mjomba anawasifia wageni kazi ya mkono wake. Nilimwona mama mwoga. Sitaficha, nilimdharau kwa hilo miaka mingi.

Mjomba alipofariki, tulipomaliza matanga, nililitoa lile bati nikalitupe. Lilikuwa linang'aa. Halikupinda wala kubadilika rangi, na alama ya msumari aliochorea kabla ya kukata bado ilionekana. Bati la miaka sita ndani ya oveni! Mimi si fundi, nikaona. Yeye aliyefua mabati tangu ujana, akilichungulia kila asubuhi, angekosaje kuona?

Nikampelekea mama. "Alijua," nikamwambia.

Mama aliligeuza, akalipitishia kidole. Nyumba ya mjomba ilikuwa ng'ambo ya njia tu, na alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana.

"Ndiyo maana," akasema, "hata siku moja hakuja kabla ya saa mbili."